Kanga Tatu Tatu

Mjukuu wangu Rehema,

Hatujambo hapa Kariakoo. Mume wangu mpya anakusalimu, nami bado natabasamu kama mwali!

Umeuliza: mteja akitafuta kanga kwenye tovuti yako, aone zote kwa mkupuo au chache chache?

Nilipokuwa msichana, kijana mmoja aliingia dukani kwa baba, moyo ukanienda mbio. Nikammwagia kanga zote mezani. Akababaika, akageuka aondoke. Baba akanikodolea macho. Nikazikusanya, nikamwonyesha tatu tu.

"Soma hizi kwanza, kaka."

Akasoma maneno ya kanga hizo, moja moja. "Zipo nyingine?"

Nikaongeza tatu. Alikaa hadi adhuhuri, akanunua, akaenda kuoa kwao.

Mwaka huu, sote wawili tukiwa tumefiwa na wenzi wetu, kijana yule wa zamani alisimama tena mlangoni.

"Zipo nyingine?"

Nikafunga duka, nikaondoka naye.

Bibi yako,
Zuhura