Aliumia Kisogoni

Jumapili, Nyanungu.

Heri nisingeitazama ile filamu. Shemeji yangu Marwa ndiye aliyeileta kwenye flashi kutoka Sirari. Picha ya zamani, haina hata rangi. Alisema itatuchangamsha mimi na mama mkwe baada ya kanisa.

Mtu amekutwa amekufa chini ya ngazi. Wote wanasema ameteleza. Daktari anainama, anamgeuza kichwa, anasema aliyeanguka kifudifudi hawezi kupasuka kisogoni. Huyu amepigwa.

Mume wangu Mwita walimtoa akiwa maiti kwenye shimo la dhahabu kule Nyakunguru, mwaka jana. Alikuwa na Marwa peke yao. Marwa alituambia kaka yake aliteleza, akaangukia uso. Lakini ule uso niliuaga kwenye jeneza, haukuwa na mchubuko.

Nikauliza tu, "Shemeji, Mwita aliumia wapi hasa?"

Akazima televisheni. "Hizo ni hadithi za wazungu." Akaondoka, chai akaiacha.

Mama mkwe alikivuta kikombe cha Marwa. Marwa na Mwita wote ni wanawe.

"Kisogoni," akasema. "Waliomwosha waliniambia. Niliwaomba wanyamaze. Nilikuwa nimeshampoteza mmoja, mwanangu."

Nilitaka kumpigia kelele, sikuweza.

Sasa amelala kitandani kwangu, mlango nimeutia komeo. Kabla hajalala alinishika mkono. "Asubuhi nipeleke polisi Tarime," akasema. "Nikianza kumtetea, usinisikilize."