Mizani ya Nyuma

Jumanne, 12 Juni 1956

Mbavu za bawa la kushoto zimetimia. Kumi na moja. Za kulia bado tatu. Kasha la saba, la mwisho, limefika leo kwa lori kutoka Dar. Bwana Manoli ana mashamba ya mkonge kaskazini ya Bagamoyo, na katika watu wote wa pwani hii ni yeye tu aliyeagiza ndege ikiwa vipande, kama kitanda cha kuunga. Yeye husoma kitabu, mimi huunga. Kitabu ni cha Kiingereza lakini michoro ni ya inchi, na inchi nazijua kuliko yeye. Wiki iliyopita kasoma tatu ya nane, kumbe tatu ya kumi na sita. Nikamwonyesha. Hakushukuru.

Leo kaandika jina lake ubavuni, kwa rangi nyekundu, na ndege haijapata hata magurudumu. Langu halipo. Nimeliandika kwa penseli kwenye ubavu wa nne, mahali patakapofunikwa kitambaa. Nani atalisoma? Labda atakayeokota vipande.

Astaghfirullah. Mbona nimeandika hivyo.

Alhamisi, 5 Julai 1956

Wageni wake wamekuja bandani. Mmoja kauliza, Bwana Manoli akanitafsiria huku anacheka: mtu wa kuunda vitanda anaweza kuaminiwa angani? Damu ikanipanda. Nikajibu kwamba kitanda changu hakitoki dukani mpaka nimekikalia mwenyewe kwanza, mbele ya mteja, tena kwa kishindo. Ndiyo desturi yangu miaka kumi na tisa, na hakuna kilichovunjika. Nilijifunza kazi kwa kubomoa viti vibovu vya watu na kuvirudisha. Sikufundishwa na mtu.

Akawatafsiria. Wakapiga makofi.

"Basi fundi," akasema, "na hiki utakikalia wewe. Siku ya kwanza, kiti cha nyuma yangu."

Mdomo huu! Kitu kirefu nilichowahi kupanda ni mnazi, na huo niliteremshwa na watu wawili.

Jumatano, 1 Agosti 1956

Ndege imesimama. Kitambaa kimekazwa kwa dawa, ukikigonga kinalia kama ngoma. Injini imewaka mara tatu.

Leo kupima uzito. Kitabu kimekazania sana jambo hili. Ndege inyooshwe, kila gurudumu juu ya mizani, na mkia juu ya mizani. Mkia ubebe ratli 70. Ukipungua au kuzidi kwa mbili, si neno. Ukizidi 72 usiruke — pua itapanda, utaisukuma chini na haitashuka, mpaka ndege iishiwe na nguvu hewani ianguke. Bwana Manoli kasoma maneno hayo kama anayesoma bei ya sukari.

Mizani nimeleta mimi. Nimeziazima kwa Mzee Mwinyimvua, mjomba wake mke wangu Ashatu, mnunuzi wa mbata. Kanipa mbili bila swali. Moja tumepimia magurudumu, moja moja. Nyingine tumeiweka chini ya mkia.

Magurudumu: 272 na 272.
Mkia: 63.

Pungufu. Bwana Manoli kasema injini ni nzito mbele, tutie uzito wa risasi mkiani. Tumetia, kipande baada ya kipande, mpaka mizani ikasoma 70. Risasi nimeifunga mwenyewe kwa boliti nne. Kazi safi. Kuruka ni Jumapili ya tarehe 12.

Alhamisi, 2 Agosti 1956

Nimemsimulia Ashatu habari za kupima. Alikuwa anakuna nazi. Bila hata kuinua kichwa kauliza, "Baba Sada, mkia mliupimia ile ya mbele au ile ya nyuma?"

Nikamwuliza ya nyuma ipi.

Mkono wake ukasimama juu ya mbuzi. Kisha akaendelea kukuna, haraka. Kasema alikuwa anatania tu, watu wa mjini si husema, ana mizani mbili huyu, ya kuuzia na ya kununulia. Ni msemo.

Ni msemo, naujua. Tunausema juu ya mtu mwenye maneno mawili. Lakini Ashatu kalelewa nyumba ile. Ya kuuzia mchele iko mbele, dukani. Ya kununulia mbata iko nyuma, uani, wanakopokelea magunia.

Ile niliyoweka chini ya mkia ilikuwa na unga wa mbata kwenye ufa.

Ijumaa, 3 Agosti 1956

Sikwenda msikitini. Mungu anisamehe, nilitaka banda liwe tupu. Nimemwomba karani wa stoo ya bomani mfuko mmoja wa simenti, bado umeshonwa, umeandikwa ratli 112. Nikaupeleka kwa mkokoteni.

Mizani ya magurudumu: 119.
Mizani ya mkia: 98.

Nikarudia. 119. 98.

Kwa hiyo ya mbele huongeza moja katika kila kumi na sita. Ya nyuma hula moja katika kila nane. Sasa hesabu. Mkia ulisoma 63, kweli yake ni 72. Ulikuwa sawa! Ukingoni, lakini sawa. Tukatia risasi mpaka 70, kweli yake ni 80. Nane juu ya kikomo. Na nyuma ya rubani nakaa mimi, na mimi nina uzito wangu.

Mama anauza mbata kwa Mzee Mwinyimvua tangu marehemu baba yupo hai. Miaka kumi na moja. Kila magunia manane, moja limeliwa. Anambeba mzee yule katika dua, kila Ijumaa, kwa sababu humpokelea mbata hata zikiwa na unyevu.

Jumanne, 7 Agosti 1956

Siku nne silali vizuri. Nikimwambia Bwana Manoli, atauliza mizani ya nani. Ataleta polisi. Mzee Mwinyimvua ndiye mweka hazina wa msikiti. Ndiye aliyesimamia ndoa ya Ashatu. Nisipomwambia, Jumapili tunaanguka.

Nimefikiria kuumwa. Tumbo. Lakini hata nisipopanda mimi, atapanda yeye. Ni mtu wa majivuno, hajui shukrani, lakini ni mtu.

Kuna njia ya tatu. Risasi iko mkiani. Boliti nne.

Jumatano, 8 Agosti 1956

Nimeitoa. Alfajiri, nimefika bandani kabla ya vibarua, kama kawaida yangu. Seleman mlinzi alikuwa anatawadha kisimani, tukaamkiana. Boliti nne, dakika kumi. Nimeifukia risasi chini ya maranda. Kifuniko nimekirudisha, rangi haikuchubuka. Mkia sasa ni 72, kwa ratli za Mungu.

Leo nimekula mara ya kwanza nikashiba. Hakuna aliyeumbuka. Hakuna atakayeanguka.

Alhamisi, 9 Agosti 1956

Bwana Manoli kafungua kifuniko. Alitaka kumwonyesha mgeni. Tundu tupu!

Hakuniuliza mimi hata neno. Kaita Seleman. Kisa nini? Ndugu zake Seleman wako Saadani, wavuvi wa papa, na risasi ndiyo chubwi nzuri ya kuzamishia jarife, wavu wao. Kila mtu bandani alikwishaijua hukumu kabla kesi haijaanza. Seleman kaapa kwa watoto wake. Kasema, mwulizeni fundi Mikidadi, alikuja alfajiri, atawaambieni kama niliondoka kisimani.

Wote wakanitazama.

Nilisema Seleman ni mtu mwema, simjui kwa wizi. Basi. Hayo tu ndiyo yaliyotoka. Askari wawili wamemchukua mpaka bomani. Kiatu chake kimoja kimebaki mlangoni mwa banda.

Alasiri Bwana Manoli kaleta mabomba ya risasi, tukayayeyusha, tukatia upya. Mkia juu ya mizani ileile. Mpaka 70. Mara hii kifuniko kakipiga misumari ya ripiti, boliti hazitoki tena bila kukata bati.

Nimefunga mwenyewe. Kazi safi.

Jumamosi, 11 Agosti 1956

Nimekwenda kwa Mzee Mwinyimvua baada ya alasiri. Nikamwamkia, shikamoo mjomba, akaitikia marahaba, akaagiza kahawa. Nikamweleza polepole, kwa hesabu, bila kumtaja kwa ubaya. Nikasema labda mizani imeharibika. Nikamwachia mlango huo wazi.

Hakupita. Kanywa kahawa yake mpaka kitako cha kikombe. Kisha:

"Mwanangu, ubwabwa wa harusi yako, unajua ulitoka wapi? Ulitoka kwenye mizani ile. Kanzu uliyooa nayo. Kitanda cha kwanza ulichonunuliwa mbao zake. Ile mizani ndiyo iliyokuoza."

Nikasema mjomba, watu wawili watakufa.

Kasema ndege si chombo cha Waislamu, nisipande. Mzungu naye kitabu anacho, ajisomee. Nikasema, na Seleman? Kasema Seleman atatoka, wezi wa chubwi hutoka siku zote. Kisha kaongeza, taratibu kabisa, kwamba mtu akimvua mkwewe nguo sokoni, mke wa mtu huyo hulala kwa ndugu zake. Na asubuhi atakuja mwenyewe na mkokoteni kuchukua mizani zake, zimekaa siku nyingi mno.

Nyumbani Ashatu kaniuliza umemwambia nini. Nikasema yote. Kisha kasema: "Utotoni nilikuwa nacheza juu ya ile ya nyuma. Nilidhani nimekonda."

Hakusema niseme. Hakusema ninyamaze. Kanipigia pasi shati.

Jumapili, 12 Agosti 1956

Saa mbili asubuhi. Naandika uwanjani. Uwanja ni yadi 600, nimeupima kwa hatua, mkonge pande zote. Upepo kidogo. Watu wamejaa, kina mama na miavuli, vibarua wote, wageni wa Bwana Manoli kwenye viti. Mama yangu kaja kwa miguu na majirani, kavaa kanga mpya. Anawaambia watu mabawa yale kayaunda mwanangu.

Ndege imetolewa nje. Inameremeta. Ni nzuri, siwezi kusema uongo, ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata kuunda. Mkia umekaa chini mzito kama kuku anayeatamia.

Nimekuja na mkokoteni wangu. Juu yake mfuko wa simenti, haujafumuliwa, maandishi yanaonekana. 112. Nilitaka niupandishe juu ya mizani moja, kisha nyingine, mbele ya wote, nisiseme neno lolote. Tarakimu ziseme. Bwana Manoli kusoma tarakimu anajua.

Lakini Mzee Mwinyimvua kanitangulia. Mizani ya mbele keshapakia. Ya nyuma iko pale mlangoni mwa banda, na yeye kaikalia. Kavaa kanzu, tasbihi mkononi, miguu kaikunja juu ya bamba, kama mtu aliyepewa kiti. Watu wanapita wanamwamkia. Anaitikia wote.

Nilisogea na mfuko nikauteremsha hatua tano mbele yake. Nikasema, "Shikamoo mjomba. Naomba nafasi."

Hajaitikia. Anavuta tasbihi.

Nami nimeukalia mfuko. Ndivyo tulivyo sasa, yeye juu ya mizani, mimi juu ya simenti, na daftari hili gotini. Mkono wa mizani chini yake umesimama, nausoma kutoka hapa. 126. Kweli yake ni 144. Hata yeye mwenyewe anajiiba.

Bwana Manoli kavaa miwani ya ngozi. Kaniita mara moja. Fundi, njoo ukalie kitanda chako! Wageni wamecheka. Injini imewaka.

Kaita mara ya pili.

Mama anakuja upande huu, kaona nimekaa. Kamwamkia mzee kwanza, kwa adabu zote, na mzee kamwitikia. Sasa kanigeukia mimi. Anauliza, Mikidadi mwanangu, mfuko huu wa nini? Ni mzito huu?