Baba Mkwe Niliyemnyoa Ndevu

Bunda, Jumapili mchana

Baba,

Lile neno limeondoka. Nakuandikia leo leo, kabla sijasahau nani alisema nini, kwa sababu wewe ndiye uliyeliondoa na hukuwepo kuziona sura zao.

Labda hata hulijui, maana lilisemwa ukiwa tayari umezikwa. Udongo ulikuwa haujakauka. Mdogo wako, baba mdogo Mugaya, alisimama karibu na zizi akasema, wala hakupayuka, kwa sauti ya kawaida tu: "Jumamosi mkwe kamshika uso, Jumanne ndugu yangu amekufa. Mnataka niseme nini tena?" Mimi nilikuwa bado nimeshika koleo. Nililiweka chini nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya nyumba.

Nimeishi na neno hilo miezi minne. Wegesa, binti yako, aliniambia nisimsikilize baba yake mdogo, kiharusi kilichorudi kukuua hakikutoka kwenye povu la sabuni. Mimi ni karani wa mizani kiwanda cha pamba, nimemaliza kidato cha nne, najua kiharusi kinatoka wapi. Kujua hakukunisaidia. Kwenu kama kwetu, mkwe na baba mkwe wanasalimiana kwa mbali. Hawaogi mahali pamoja, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, na uso ndio kabisa hauguswi. Nami niliugusa wako kila Jumamosi kwa miezi saba. Kila nilipofungua daftari langu la kumbukumbu za kila siku nilikuta mwandiko wangu mwenyewe: "Leo nimemnyoa Baba." Nilikuwa kama mtu aliyejiandikia mashtaka.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nataka kushukuru kwa mpangilio.

Ulianza na shingo yangu. Siku naletwa kwenu Butiama mara ya kwanza nilikuwa nimenyolewa saluni kwa mashine ya umeme, na shingo yote ilikuwa vipele, vingine vimetumbuka, kola ya shati ina madoa ya damu. Shemeji Magesa, mwanao mkubwa, alinitania mbele ya watu kwamba uso wangu ni kama barabara kabla lami haijafika. Wewe hukucheka. Ulikuwa umefanya kazi ya udresa, kusafisha na kufunga vidonda, zahanati ya misheni kule Nyegina karibu maisha yako yote, ukiona kidonda huwezi kukiacha. Lakini baba mkwe hawezi kumwambia mkwe habari za shingo yake. Ukamtuma Wegesa: mwambie mwenzako Jumamosi aje hajanyoa, aje na taulo.

Nilikuja. Nikakuta umepanga kila kitu. Bafu lako la nje lina ukuta wa mabati. Wewe ulikaa ndani, mimi nikawekewa stuli upande wa nje, beseni la maji ya moto, kioo kimeninginizwa kwenye msumari, na kwenye kitambaa safi mashine ya chuma ya kunyolea kwa wembe. Ulikuwa nazo mbili: moja ulibaki nayo wewe, ile yako ya tangu ujana, uliyoinunua Musoma ulipopata mshahara wa kwanza. Niliyowekewa mimi ilikuwa ndugu yake, uliyoipata kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Unazungusha mpini chini, kichwa kinafunguka kama milango miwili, unalaza wembe katikati, unazungusha tena, kinafunga. Mpaka leo nikiifungua nasikia raha ileile.

Ukaanza kuniambia kupitia bati. Kwanza kitambaa cha moto usoni mpaka kipoe. Halafu brashi, iloweshwe, ikung'utwe, izungushwe juu ya ile sabuni ngumu ya duara ndani ya kikombe cha bati, bila haraka, mpaka povu lisimame lenyewe ukiinua brashi. Halafu nipapase shingo kwa vidole nijue nywele zimelala upande gani, maana za kwangu hazishuki, zinakwenda kando, na huko ndiko wembe unatakiwa kufuata. Wewe ukawa unajinyoa huku ndani hatua kwa hatua ili nisikie.

Na mimi ukawa unanisikia. Hilo ndilo lililonishangaza. Nilipitisha mara ya kwanza tu ukasema, "Unakandamiza." Nikalegeza. Ukasema, "Sasa inakwaruza. Povu limekauka, ongeza." Hukuniona, Baba. Ulikuwa upande wa pili wa bati, na ulijua shavu langu liko katika hali gani kuliko mimi niliyekuwa nalitazama kwenye kioo. "Mashine ni nzito yenyewe," ulisema. "Wewe ishike tu isianguke."

Niliporudi ndani kunywa chai, shemeji Magesa aliuliza kama tulikuwa tunaungamana.

Mwezi wa pili vipele vilikauka. Mwezi wa tatu nilifunga kifungo cha juu cha shati bila maumivu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nilipoanza kuota ndevu. Hilo pia niliandika. Tuliendelea hivyo kila Jumamosi ya pili ya mwezi, miaka sita, wewe ndani, mimi nje. Tulizungumza pale mambo ambayo wakwe hawazungumzi. Nilikwambia pale kwamba Wegesa amepoteza mimba, kabla mama, mkeo, hajajua. Nikasikia maji yakimwagwa, ukasema tu kwamba mwezi huo nisimwache alale peke yake.

Halafu kiharusi kikachukua mkono wa kulia.

Wiki tatu za mwanzo hakuna aliyefikiria ndevu. Baadaye ukaanza kukataa wageni. Jumapili ukakataa kanisa. Katekista alikuja akarudishwa mlangoni, mtu mliyesali naye maisha yote. Mama alidhani ni aibu ya kutembelea fimbo. Wegesa ndiye aliyeng'amua: hukutaka kuonekana na ndevu nyeupe zilizosimama ovyo, wewe uliyewafundisha wauguzi wanne kunawa mikono. Saluni hukutaka, ile mashine inayopita kichwa kwa kichwa ulikuwa unaiita mgonjwa wa kutembea. Ulijaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto ukajikata chini ya sikio. Wegesa akajaribu, mkono ukamtetemeka, akakukata mdomo akalia, ikabidi wewe ndiye umbembeleze. Magesa alikuja kutoka kisiwani Rukuba anakonunua samaki, akajaribu mara moja. Ulimwambia unaparuliwa kama sato. Tulicheka wote, lakini ulimnyang'anya mashine, na baada ya hapo hukumpa mtu.

Mimi ndiye niliyeweza, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa. Kila mtu pale nyumbani alilijua hilo.

Nilikuja Jumamosi yetu kama kawaida. Nikakaa kwenye stuli yangu nje. Wewe ulikuwa ndani, nilisikia fimbo ikiegemezwa. Nikanyoa upande mmoja wa uso. Kule kwako hakukuwa na sauti ya wembe, na nikaona haya kuendelea kujinyoa huku wewe, mtu mzima, unanisikiliza. Nikasimama na povu upande wa pili. Ndipo uliposema, "Zunguka. Njoo huku."

Nikajibu, "Baba, mimi ni mkwe wako."

"Leo nimeita kinyozi," ulisema. "Kama hayupo, nitasubiri."

Nilizunguka. Sijui kama uliona nilivyokuwa. Nilikuwa na hofu ambayo sijapata kuwa nayo hata kwenye usaili wa kazi. Nilinawa mikono mara mbili kwa sababu niliogopa ungeniuliza. Kitambaa cha moto, brashi, povu. Shavu la kulia lilikuwa limelegea, ikabidi nilivute kwa kidole gumba ili ngozi inyooke, na hapo ndipo nilipokugusa hasa. Ulifumba macho. Nilipokandamiza ulisema, "Kandamiza kwako, kwangu hapana," nikalegeza. Nilipomaliza ulijipapasa kwa mkono wa kushoto, taratibu, kidevu kizima, shingo, chini ya pua. Hukusema asante. Ulisema nimwite mama atafute shati jeupe. Kesho yake ulikwenda kanisani.

Niliandika usiku ule kwamba nimevunja jambo, na kwamba sijuti. La kutojuta lilikuwa kweli mpaka siku ya mazishi.

Sasa ya jana.

Tulikaa kwako Butiama kumaliza matanga. Asubuhi watoto wako walinyolewa vichwa, na mchana ndugu wakakaa uani kuzungumza mambo yaliyobaki. Mimi nilikaa mwisho kabisa, karibu na ng'ombe, nikiomba mazungumzo yaishe. Yakafika kwenye mashine zako. Magesa akasema ya chuma ya Baba ichukuliwe na mimi, yeye samaki wanamtosha. Baba mdogo Mugaya akasema hapana, chombo kile kizikwe au kitupwe ziwani, maana ndicho kilichomuua ndugu yake, na aliyekishika yupo pale amekaa.

Nilisimama. Nilitaka kuondoka tu. Na mama, ambaye katika miaka yote hii hajawahi kunitazama usoni wala kusema neno mbele yangu, mama mkwe wangu akatoka mlango wa jikoni. Aliangalia chini, kama inavyotakiwa. Lakini alisema kwa sauti ya kufika zizini.

"Shemeji, yule mbuzi mweupe aliyekwenda kwa mzee mkubwa wa ukoo kabla ya Kwaresima, alikuwa wa nini?"

Baba mdogo akasema alikuwa wa shukrani. Ndugu yake alikuwa amepona kidogo, akashukuru.

"Alikuwaga na ugonjwa wa shukrani huyo," mama akasema. "Muulize mzee. Na wewe ulikula paja."

Watu wakamgeukia mzee mkubwa. Hakuwa na haraka. Akasema ni kweli, ulimtumia mbuzi na ujumbe: mkwe wangu atanishika uso, nataka njia ifunguliwe, mwiko uondoke. Mbuzi wa kufungua njia kwa kawaida anatoka kwa mkwe, na mzee aliuliza kwa nini mwenye binti ndiye alete. Ukamjibu kwamba ukiniambia, nitajua ukubwa wa ninachokifanya, na mkono wangu utatetemeka, na wewe umeshachoka kukatwa. Kwa hiyo mzee alikula na wazee wenzake, akala na Mugaya, akanyamaza kama alivyoombwa.

Magesa akamuuliza baba yake mdogo kama lile paja nalo likazikwe au litupwe ziwani. Uani pote watu wakacheka, mpaka mzee akajifuta macho. Baba mdogo hakucheka, lakini aliniita nikae karibu naye, na chakula kilipokuja alinisukumia sahani ya nyama. Sikumhukumu. Alikuwa ametafuta mahali pa kuweka kifo chako, na mimi nilikuwa karibu.

Baba, miezi saba nilidhani mimi ndiye niliyejitoa kwa ajili yako. Nilidhani nimebeba hatari. Kumbe ulikuwa umeshalipita lango mbele yangu, ukaliacha wazi, ukakaa kwenye kiti ukafumba macho kama mtu asiye na habari. Sijui niseme asante ya namna gani. Ya shingo nilikuwa nimeshaiandaa. Hii sikuiandaa.

Habari nyingine ni chache. Wegesa ana mimba ya miezi mitano na daktari anasema inakwenda vizuri. Mashine yako ninayo, nimeisafisha kwa mswaki na maji ya moto, nimeikausha. Ile sabuni ya duara haipatikani tena Musoma, duka limefungwa, ila nimempata mtu Mwanza anayeagiza. Leo asubuhi nimenyoa kwa mashine yako mara ya kwanza. Ni nzito kuliko yangu. Nimeishika tu isianguke.

Jambo moja la mwisho, hili ni ahadi. Macho ya mama yamekuwa mabaya. Jana alipokuwa anarudi jikoni alikosa kizingiti, nikaona wote tulivyomtazama. Anatakiwa kwenda kliniki ya macho Musoma kila mwezi, na pale kuna ngazi. Magesa yuko kisiwani, Wegesa hivi karibuni hataweza kusafiri. Mwenye nafasi ni mimi, na mimi siruhusiwi kumshika mama mkono. Kwa hiyo Jumamosi hii nitapeleka mbuzi kwa mzee mkubwa, safari hii kutoka zizini kwangu. Mama hataambiwa chochote mpaka mbuzi ameliwa akaisha. Sitaki mkono wake utetemeke nikiushika.

Pumzika, Baba. Nakuacha hapa, nina maji jikoni.

Mkwe wako,
Masatu