Mlango Usio na Nyumba

6 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti la kulia linasemaje? Mimi ni mzima, ila mikono imeanza kufanana na mashuka ninayofua. Hospitali zote za huku ng'ambo zinaleta mashuka kwenye kiwanda chetu, na ukimaliza mlima mmoja umeshaletewa mwingine.

Nina habari, na nakuomba uisome yote kabla hujaikunja karatasi. Ile pesa ya kujenga sikujengea. Nimenunua hisa za kampuni inayomiliki nyumba za kupangisha hapo hapo mjini kwetu, na nimeziandikisha kwa jina lako. Wazo lilinijia chumbani kwangu. Miaka yote hii napanga, na mwenye nyumba sijawahi kumwona. Bomba lilipopasuka niliuliza mwenye nyumba ni nani, nikaambiwa ni watu wengi tu wenye hisa, wengine hawajui hata jengo liko mtaa gani. Nikasema, kumbe. Kila mwezi nawalisha watu nisiowajua, kwa nini na baba yangu asilishwe?

Kodi ikishakusanywa na gharama zikatolewa, kampuni ya namna hii haikai na faida mfukoni, inatakiwa kuigawa kwa wenye hisa. Hilo ndilo gawio. Litaingia benki kwako mara mbili kwa mwaka. Hutabeba saruji, wala hutagombana na mpangaji.

Mwanao,
Msumari

27 Februari

Mwanangu Msumari,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua nikaisoma tena, maana nilidhani miwani inanidanganya.

Sina ugomvi na hisa. Mimi ni seremala, nauliza swali la seremala: mlango uko wapi? Ulipotuma pesa ya kwanza ulisema, "Baba, anza na mlango, nyumba itaufuata." Nikaacha kazi za watu, nikakutengenezea mlango wa mbao ngumu usio na msumari hata mmoja. Msumari wangu ni wewe peke yako. Mwaka wa tatu sasa umeegemea ukuta wa karakana. Kila mteja anauliza bei, nami nasema una mwenyewe. Leo mwenyewe kanunua karatasi.

Majirani wananiuliza binti anachimba msingi lini. Nawaambia ameshajenga, ila nyumba yenyewe haionekani. Wananitazama kwa huruma, na mmoja kaniletea uji.

Nielekeze basi hiyo nyumba iko wapi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Baba yako,
fundi

20 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Umenichekesha mpaka mkuu wa zamu akaja kuuliza kuna nini.

Kampuni ina majengo mengi. Moja liko nyuma ya kituo cha zimamoto, ghorofa nne, rangi ya maziwa. Lakini nielewe, baba: huna chumba chako humo. Una sehemu ndogo ya kila kitu, ya tofali, ya ngazi, mpaka ya tangi la maji. Chumba kimoja kikikosa mpangaji, vingine vinalipa. Ningekujengea kibanda kimoja cha kupangisha, siku mpangaji akihama na pesa ingehama naye.

Nenda ukaangalie kwa nje tu. Usisumbue watu.

Mwanao,
Msumari

18 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimeenda, na sikumsumbua mtu. Watu ndio walijisumbua wenyewe.

Nilikodi mkokoteni nikaupakia mlango wako. Ngoja kwanza, usicheke. Niliwaza hivi: kama nina sehemu ya kila kitu, hawatakosa pahali pa kutundika mlango mmoja, ili nikipita niseme, pale ndipo kwetu. Msimamizi wa jengo ni bwana mnene anayetembea na funguo kama askari wa gereza. Alinipa kiti, akaniuliza nina hisa ngapi, nikamwambia. Akapiga hesabu kwenye simu yake. Akanitazama mimi, akautazama mlango.

"Mzee wangu," akasema, "kwa jengo hili, hisa zako hazifiki hata bawaba moja."

Nikamwambia bawaba si kitu cha kudharau, mlango bila bawaba ni ubao. Akacheka mpaka funguo zikalia, akaagiza chai. Siku hizi ni rafiki yangu.

Lakini nimeona, na macho hayana pazia. Kamba za nguo zimejaa kila ghorofa, sare za kazi, za shule, nguo za watoto wachanga. Watu wanaishi pale. Milango yao tu ndiyo myepesi, unabisha hodi huku unaogopa kuitoboa.

Mlango nimeurudisha karakana. Mwenye mkokoteni kanitoza kwenda na kurudi.

Baba yako

12 Mei

Baba,

Shikamoo. Pole na mkokoteni. Nimewasimulia wenzangu habari ya bawaba, sasa kazini wananiita binti wa mwenye nyumba.

Ukisikia kwamba bei ya hisa imeshuka, usishtuke. Ni kweli imeshuka. Riba za benki zimepanda, na wengi wanauza wakimbilie huko. Lakini wapangaji hawajahama na kodi inalipwa, umeziona kamba mwenyewe. Sisi hatuuzi. Gawio la kwanza liko njiani.

Dawa ya goti unapaka?

Msumari

3 Juni

Mwanangu Msumari,

U hali gani? Mimi sijambo. Gawio limeingia. Nimenunua msumeno mpya na dawa ya goti, na kilichobaki kimebaki. Nakushukuru. Ni mara ya kwanza kupata pesa ambayo sikuitolea jasho, na nilipotoka benki nilijiona kama nimeiba.

Habari ya bei haikunitisha. Kilichonitisha ni neno la msimamizi. Kasema hisa ni nyepesi, mtu anaziuza kwa siku moja akiwa popote duniani, bila kumwona mnunuzi. Nikarudi nyumbani nikakaa nalo. Anayejenga kwao amesema atarudi, hata asipofungua mdomo. Anayenunua hisa hajasema kitu.

Sikuulizi habari ya pesa. Nakuuliza mara moja tu, kwa upole: unarudi, au hurudi?

Baba yako

15 Agosti

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mama wa posta ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Kama u mzima, basi nusu ya jibu nimeshaisikia. Nusu iliyobaki naomba uiandike kwa mkono wako. Sina hasira.

Baba

2 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Barua hii nimeiandika mara nyingi, na zote zimeishia kwenye ndoo ya takataka.

Sirudi kuishi. Nimepewa usimamizi wa zamu, na kuna mtu, ni dereva wa gari linaloleta mashuka, mpole, anacheka taratibu. Tunafikiria kuoana. Maisha yangu yamekuwa huku bila mimi kuyaambia yawe.

Nilipokuwa nanunua zile hisa nilikuwa nimeshajua. Nilitaka uwe na pa kushika hata nisipokuwepo. Na nadhani nilitaka hisa zikuambie badala yangu, kwa sababu mimi niliogopa. Kuja kukuona natamani kila siku. Ila nauli ya kuja na kurudi ni nzito, kila nikiikusanya inapata kazi nyingine.

Ule mlango uuze, baba. Kila nikiuwaza najisikia vibaya.

Mwanao,
Msumari

30 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Nililia kidogo, nisikufiche. Siku mbili sikufungua karakana. Siku ya tatu nikaona mbao hazijichongi zenyewe.

Mlango sikuuuza. Unakumbuka chumba chako? Mji mzima nimeutengenezea milango, na binti yangu kakua nyuma ya pazia, wala hukunung'unika. Nimelitoa pazia. Gawio la pili limelipia fremu na kitasa, na mlango nimeutundika pale. Umekaa kama umezaliwa hapo.

Kisha chumba nimekipangisha. Tulia, soma. Kakichukua mwalimu wa hesabu, kijana mkimya, analipa kabla hajaulizwa. Mkataba nimeuandika mwenyewe, na una sharti moja lililomshangaza: mwenye chumba akija, yeye anahamia karakana kwa muda huo, na muda huo halipi kodi. Akauliza, "Mwenye chumba ni nani, mzee?" Nikamwambia yupo, ila haonekani, ndivyo wenye nyumba wa siku hizi walivyo. Akatia saini.

Mimi ananilisha msimamizi mwenye funguo, gawio linanitosha. Kodi ya mwalimu siigusi. Naiweka kwenye kopo la misumari, juu ya rafu, mahali ulipokuwa ukificha peremende zako. Hiyo ni nauli yako, na hivi karibuni itatosha. Dereva naye aje, nimtazame anavyocheka.

Usiogope kuja ukidhani nitakushika mguu. Naweka ya kuja na ya kurudi.

Baba yako,
fundi