Fomu Niliyoijaza kwa Jina Lako, Baba

Kwako Baba,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na Mama na wote walioamka salama hapo nyumbani. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba mvua iliyonyesha huku Kitui wiki iliyopita ilifika hadi kwenu milimani. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, sina homa. Shida yangu ni nyingine, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu badala ya kupiga simu. Nikikupigia huwa unaweka spika ili Mama na bibi yangu Susu wasikie, na haya nataka uyasome wewe kwanza, peke yako, kisha uamue nani aambiwe.

Unamkumbuka yule bwana aliyekupigia simu majuzi akakuuliza habari za miti yako ya matunda? Mama aliniambia ulifurahi sana. Akaniambia Jumapili ulisimama kanisani wakati wa ushuhuda, ukawaeleza washirika kwamba chuo cha binti yako kimekutafuta wewe, mkulima wa Kilungu, kikataka kusikia maneno yako, na watu wakapiga makofi. Baba, yule bwana ni Mwalimu Musyoki anayetufundisha takwimu. Hakukupigia kwa sababu nimefanya vizuri. Alikupigia kwa sababu alinishuku.

Ngoja nianze mwanzo. Siku ya kwanza ya somo lake, Mwalimu alitugawia karatasi za masharti, akazisoma zote kwa sauti bila haraka, kama katibu anavyosoma matangazo ya kanisa. Mlango ukifungwa, aliye nje abaki nje. Kazi iliyochelewa haipokelewi, isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Kusaidiana kuelewa ni ruhusa, lakini kila mtu aandike kwa mkono wake. Halafu akafika kwenye mradi wa likizo, ambao ndio wenye alama nyingi. Kila mmoja wetu angetembelea maboma arobaini kwao nyumbani, aulize maswali yaliyo kwenye fomu, na aandike jina na simu ya aliyejibu.

"Nitachagua wachache niwapigie," alisema. "Kila jibu ni la mtu aliyewakaribisha kwake. Msiniletee mtu ambaye hamkukaa naye."

Tukatia sahihi. Mimi nilitia sahihi nikiwaza chakula cha mchana.

Likizo ile uliniona nikitoka asubuhi na faili. Wiki ya kwanza nilifanya kazi kweli. Nilipanda na kushuka vijia vyetu, nikapewa chai, nikaandika ni miti mingapi imekauka na maji yanachotwa wapi. Kisha mama mmoja ng'ambo ya bonde, huku akipukuchua mahindi, akaniambia kwamba wao hujibu maswali ya wageni kila mara, je, mimi nitawarudishia nini? Niliaga nimenyong'onyea, na kesho yake nikawaambia ninyi nyumbani kwamba naendelea na kazi, kumbe nimeteremka Mukuyuni kwa Shangazi. Hapo dukani kwake, nyuma ya magunia ya maharagwe, nikajaza fomu zote zilizobaki kutoka kichwani. Majina na simu nilichukua za watu tunaowajua. Sitaki kukudanganya kwamba niliumwa au nilizuiwa na njia. Nilichoka, nikaona hakuna atakayejua.

Yako niliijaza nikitabasamu. Nilijiambia, shamba la Baba nani analijua kunishinda? Nikaandika kwamba michungwa ya shamba la chini yote inazaa. Nikaandika kwamba maji yako karibu.

Jumanne Mwalimu akaniita ofisini. Fomu yako ilikuwa mezani. Akaniuliza kama nilimhoji huyu mzee, nikasema ndiyo. Akaniambia kwamba amezungumza naye, na mzee anasema hajawahi kuulizwa maswali haya na mtu yeyote.

Hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito, Baba. Nilimwambia, "Yule ni mzee sana, Mwalimu. Siku hizi anasahau."

Aliangalia jina lako, kisha akaangalia langu. "Ni nani wako?"

"Ni baba yangu."

"Mbona kwangu hakuonekana kusahau?" alisema. "Aliniambia ana binti hapa chuoni. Alinishukuru kwa kumfundisha."

Halafu akafungua daftari lake akanisomea uliyomwambia. Kwamba michungwa ya chini ilikufa kwa ukame, ukaikata mwenyewe kwa shoka. Kwamba kijito hakina kitu, nawe unafuata maji hadi kwenye tangi la kanisa, asubuhi na jioni, na kwamba mteremko ule ndio uliokuumiza goti. Nilikuwa nasikia habari za nyumbani kwetu kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kilungu. Na likizo nzima nilikula nawe meza moja. Nilikuona ukichechemea, nikakupa pole, basi. Hata siku moja sikushuka shamba la chini.

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi nje ya maktaba. Saa ya chakula ilipita nami sikuinuka. Si kwa sababu ya alama. Wewe huniita mwaitu, mama yako, kwa kuwa nilipewa jina la Susu aliyekuzaa, nami nilikufanya mzee asiye na akili mbele ya mgeni, ili niokoe karatasi.

Asubuhi iliyofuata nilirudi kwa Mwalimu na faili lote. Nikatenga fomu za kweli upande mmoja na za uongo upande wa pili, na za uongo zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani. Nikamwambia pia kwamba baba yangu hasahau kitu. Alinisikiliza bila kunikaripia, na hilo liliniuma zaidi. Akasema masharti ni yale yale niliyotia sahihi. Mradi nimepata sifuri, somo nitalirudia, na mkuu wa idara ataandikiwa. Nikamwuliza kuhusu lile nililosema juu yako.

"Hilo halina sharti kwenye karatasi yangu," alisema. "Hilo ni lako na yeye."

Kwa hiyo mwaka huu sitavaa joho la kuhitimu, Baba. Najua Mjomba wa Kibwezi ameshaahidi kuja, na najua Mama amemtenga yule mbuzi mweupe. Waambie wasingoje. Na kuhusu kanisa, sikuombi unifiche. Ukiona ni vema kusahihisha ushuhuda wako, nitasimama kando yako. Ukitaka nisimame peke yangu, nitasimama hivyo.

Msalimie Mama, umwambie asilie kabla hajanisikia. Msalimie Susu, ambaye jina lake sikulitunza. Mwambie kaka yangu Mutua akusaidie kubeba maji hadi nifike, hata kama anasema anachelewa kazini. Shangazi wa Mukuyuni nimemwandikia kivyake, maana nilitumia duka lake vibaya na yeye hana habari.

Chuo kikifungwa naja na fomu mpya. Nitaanza na yule mama wa ng'ambo ya bonde, nimwambie ukweli kwamba bado sina jibu lake. Kisha nizunguke maboma yote niliyoyaruka, na kwako nifike mwisho. Nitapiga hodi kama mtafiti mwingine yeyote, na kabla ya swali la kwanza nitakusomea yale maneno yaliyoandikwa juu ya fomu, ambayo sikumsomea mtu hata mmoja pale dukani: kwamba anayeulizwa ana haki ya kukataa kujibu. Ukikataa, Baba, nitaandika kwamba umekataa, nami sitakulaumu.

Ni mimi binti yako, ninayeona haya hata kuliandika jina hili,

Ndinda