Sailensa ya Baba Yako

Whyalla, Jumapili

Darcy mwanangu,

Kuku wangu wameanza kutaga tena. Mvua ilinyesha mara moja, haikulowesha hata bustani.

Habari kubwa ni lile gari lenu la Holden. Baba yako ameikata sailensa kwa msumeno, akachomelea bomba tupu alilolipata kwenye yadi ya magari mabovu. Jumanne, tukitoka sokoni, polisi walitusimamisha, wakabandika stika ya njano kiooni: gari lisitembee mpaka lirekebishwe.

"Mzee, unashindana na wajukuu?" askari alimtania.

Kaka yangu Kel alitabasamu tu. Askari akauliza tena. Akatabasamu tena.

Nyumbani nilimshika mkono. "Kaka, umeingiwa na nini?"

"Usinifokee, Noreen. Nilitaka kuisikia injini. Tuliifunga garini mimi na Darcy. Siku hizi naiona ikitetemeka tu."

Ndipo nilipoelewa. Masikio yake yanakwisha, naye alikuwa anatuficha.

Wewe unadhani bado ana hasira kwa vile ulikwenda migodini, maana hapokei simu zako. Yeye anadhani hujawahi kupiga. Jana nilimpigia nikiwa jikoni kwake, simu ikalia karibu na kiwiko chake. Akaendelea kumenya viazi.

Usimpigie tena. Omba likizo uje, ukae mbele yake, mchana, penye mwanga. Midomo ya watu ameanza kuisoma, na yako ndiyo anayoijua kuliko yote.

Shangazi yako akupendaye,
Noreen