Maua Yako Niliyoyashindilia Kama Kiti

Shemeji Zuhura,

Yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ungekuwa hapa usingeuliza habari za mgongo wangu wala za karakana, ungeuliza kwanza Mama Matundu anaendeleaje. Basi yuko hai. Yeye amepoteza majani mawili, mimi nimepoteza heshima, lakini wote wawili tumesimama.

Nasema Mama Matundu, jina ulilompa mwenyewe, ingawa mi bado naona ni mmea ulioliwa na panya. Nilikwambia hivyo siku ya kwanza nilipoyaona yale majani makubwa yenye matobo pale kwenye salo yako ya wageni Gitega, karibu na dirisha, na ukaninyima chai mpaka niombe msamaha. Sikuuomba kwako, ulisema niuombe kwa mmea. Nikauomba. Mtu mzima, fundi wa viti anayejulikana Muyinga nzima, nimesimama mbele ya chungu nasema pardon.

Nikifika kwako nikinyoosha mkono tu, unapiga kelele toka jikoni: "We Bwana Viti, toa mkono. Wewe hata ua la plastiki linaweza kukufia."

Ndiyo maana siku ile hospitalini nilidhani ni homa. Ulikuwa unagawa vitu vyako kwa ile sauti uliyowagawia wanafunzi vitambaa kule shuleni Mushasha, wewe mwalimu wa kushona, Mwislamu peke yako kati ya masista. Cherehani kwa Aisha, mdogo wako na mke wangu. Vitenge kwa jirani. Halafu ukasema, "Na maua apewe Rajabu." Mimi huyu! Nikakwambia, shemeji, umechanganya majina. Ukazunguka na macho chumba kizima, polepole, ukauliza, "Akina Rajabu wako wangapi humu?"

Watu wakacheka. Aisha naye akacheka, akaificha sura yake kwenye mtandio. Baada ya pale sikumsikia tena akicheka, na hilo ndilo hasa nataka kukueleza.

Mke wangu alinyamaza, shemeji. Hakugomba, hakuumwa. Chakula kilipikwa, nguo zilifuliwa, ukimuuliza kitu anakujibu "ego" au "oya", ndiyo au hapana, basi. Unajua saa ile ya alasiri, akishaswali, alivyokuwa anachukua simu na kukupigia, mnanisema mimi mpaka mlango wa karakana unasikia? Mi nilikuwa najifanya nakasirika. Ile saa sasa ikawa inapita kimya, simu iko mezani, yeye anaitazama. Nikagundua kwamba nyumba yangu imekosa mtu wa kunicheka, na kwamba mimi mtu wa kuchekwa nikikosa kuchekwa sina kazi nyingine kubwa.

Na maua yako hakuyasogelea. Niliyaweka kwenye chumba cha wageni, yeye akawa anapita mlangoni kama unavyopita kwa mtu mliyegombana.

Bon, sasa nikuambie nilichokifanya, na usinikatishe.

Kuyatoa Gitega nilikodi kamioneti. Nilivifunga vyungu kwa kamba, vizuri kabisa, kama ninavyofunga sofa. Lakini sofa haina kichwa kirefu. Kabla hata hatujafika Karuzi Mama Matundu alilala chini, akawaangusha na wenzake, na makumbi yote uliyowapandia yakamwagika kwenye bodi ya gari. Nikafika Muyinga na mimea iko uchi, mizizi nje. Nikasema hakuna shida. Kama kuna kitu ninachokijua duniani ni makumbi ya nazi.

Si ulikuwa unayachukua kwangu? Mi nilikuwa nayajaza ndani ya viti, ukaja ukaomba gunia, ukasema udongo ndani ya nyumba unakuletea wadudu na matope kwenye zulia. Nilicheka wiki nzima. Maisha yangu yote nayalinda makumbi yasiguse maji, kwa sababu kiti kikilowa na jina langu limelowa, halafu naona mtu anayaloweka kwenye beseni kwa makusudi. Unayasuuza, unamwaga, unasuuza tena, eti chumvi ya pwani itoke, mpaka maji yawe kama chai ya mtu bahili. Na ile mbolea yako ya kuchanganya kwenye maji. Nikauliza kwani makumbi yenyewe hayatoshi? Ukasema, "Makumbi ni kitanda. Nani alishawahi kushiba kitanda?" Nikajibu kwamba wanangu wote wameshiba vitanda na viti. Siku ile nilikushinda, kubali.

Basi nikachukua makumbi, nikarudisha mimea kwenye vyungu, na nikayashindilia. Kwa ngumi kwanza, halafu kwa kile kipande cha mti ninachoshindilia pembe za kiti. Nikaweka tabaka, nikashindilia, nikaweka jingine. Mmea haukutikisika hata kidogo. Nikaona kazi safi.

Nikamwagilia. Maji yakatokea chini hapohapo, yakajaa sahani. Nikasema wamekunywa, wameshiba. Nikamwaga ya sahani kama ulivyokuwa unafanya. Kila siku hivyohivyo. Nilijisifu hata kwa wateja, nikawaambia maua si kazi ngumu, wanawake wanatutisha tu.

Mama Matundu akaanza kuinama. Nikaongeza maji. Yakatoka chini mengi zaidi. Jani moja likawa la manjano, likaanguka, na la pili likafuata. Mteja mmoja kutoka Giteranyi akasema Mama Matundu anataka jua. Wa Gashoho akasema jua ndilo linalomuua. Mwingine alikuja kuchukua viti vyake, akatazama, akaniuliza kama marehemu alikuwa na deni na huo mmea, mbona unamfuata. Shemeji, niliogopa. Sikuogopa mmea. Nilifikiri siku Aisha atakapoingia akute maua yamekauka yote, atakuwa amekuzika mara ya pili, na mwenye jembe ni mimi.

Akaingia. Alifuata shuka kabatini tu. Mi nimepiga magoti na birika, nambembeleza Mama Matundu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Aisha akasimama. Akainama, akachomeka kidole kwenye chungu. Kidole hakikuingia. Akajaribu chungu cha pili, kikagoma vilevile.

"Rajabu, hivi umevishindilia?"

"Nimevishindilia vizuri."

"Kama kiti?"

Nikasema, kwa heshima zangu zote, "Kama kiti cha imamu."

Akakaa chini, hapohapo sakafuni, na shuka mikononi. Nikadhani analia, na kweli baadaye alilia, lakini kwanza alicheka. Alicheka mpaka mtandio ukaanguka. Akawa anajaribu kusema, anashindwa, anaonyesha chungu kwa kidole, anarudia "cha imamu, cha imamu". Na mimi na birika langu nikawa nimetulia kama mtu anayenyeshewa na mvua ya kwanza, sitaki ikatike.

Alipopumua akanieleza. Maji hayakuwa yanaingia hata kidogo. Yalikuwa yanateremka pembeni ya chungu na kutoka, katikati mizizi imekauka kama ndani ya sofa. Tukatandika turubai uani, tukavimimina vyote, tukayachambua makumbi kwa vidole, tukayaloweka, tukayarudisha yakiwa yamelegea kama nywele zilizooshwa. Akanifundisha kutotazama juu, maana juu panaonekana pakavu na chini kuna maji. "Nyanyua chungu," akasema. "Kikiwa chepesi kina kiu. Kikiwa kizito kiache." Nikamuuliza amejulia wapi. Akasema, "Kwenye simu." Kumbe ile miaka yote hamkuwa mnanisema mimi tu. Naona aibu kidogo kwamba nilidhani muda wote ule ni wangu.

Sasa kila alasiri napita nakumbatia vyungu kimoja kimoja kama mama anayepima watoto kwenye kituo cha afya, na Aisha amekaa anatoa hukumu. Jana kasema chungu kidogo kimenizidi akili. Nilifurahi sana.

Na nimefikiri, shemeji. Ungempa yeye maua, angeyatunza vizuri sana, peke yake, kimya, mlango umefungwa. Ukampa mtu ambaye lazima ataharibu, tena mbele ya macho yake. Kama ndivyo ulivyopanga, umenitumia vibaya na ninakushukuru. Kama ilikuwa homa tu, usiniambie.

Tutakuja Gitega baada ya Idi, mimi na mdogo wako, tukusomee dua. Vyungu vitabaki nyumbani, barabara ile nimeshaipa nafasi yake ikaviangusha. Ninakuahidi nitanyanyua kabla ya kumwagilia, na nitamkosea Aisha kitu kidogo kila siku, kitu cha kuchekesha, ili siku asiponicheka nijue kuna kitu, nianzie hapo.

Lala salama, Zuhura. Namwomba Mungu akupanulie hapo ulipo. Namwomba kwa bidii zaidi kuliko wengine, kwa sababu siku ile nilikuwa kati ya waliokufukia, na mikono yangu unaijua.

Shemeji yako,
Bwana Viti